Kompyuta ya Baba Goodness Haijawaka Tena

Kumbukumbu ya Wilbard Mageni, Ngokolo, Shinyanga

Baba, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, na nyumba yetu ya Ngokolo bado haijauzoea ukimya wako.

Watu wanakukumbuka kwa ile kompyuta yako ya kubeba, nzito kama cherehani, uliyoachiwa na watafiti wa dhahabu ulipokuwa karani wao Bugarama. Uliifunga kwenye keria ya baiskeli, ukaifunika kwa khanga ya Mama, ukaenda nayo mpaka Mhunze kuwafundisha walimu kuchapa. Wakikuonyesha laptopu zao mpya ulizipima kwa mkono mmoja, ukacheka: "Hii ikipeperushwa na upepo msiniite." Hukumfukuza mtu, hata asiyejua herufi A iko wapi.

Hakuna aliyejua, ila sisi, kwamba ilipowaka tu, kabla ya kazi yoyote, kioo chake kiliandika kwa rangi ya chungwa: "Mwadila, Mama Goodness." Wewe ndiye uliyeifundisha kusalimu hivyo, kwa Kisukuma. Mama aliitikia kila jioni, akijifanya amekasirika.

Siku ya mazishi mtani wako Cornel alivaa miwani yako, akaibeba kompyuta uani akikuigiza, akitukaripia tusiiguse kwa vidole vya mafuta. Tulicheka huku tunalia. Kisha akaiweka juu ya kiti pale pale uani, tukakusindikiza makaburini, na mvua ikanyesha tukiwa huko huko. Hatumlaumu Cornel, mtani alifanya kazi yake. Sote macho yetu yalikuwa kwako tu.

Haijawaka tena. Tulimwahidi Mama kwamba kabla ya kumbukumbu hii ataiona salamu yako walau mara moja. Fundi wa Kahama ameifungua, ameifunga, ameifungua tena. Juzi Mama alimshika mkono. "Basi, mwanangu, iache," alisema. "Hata mwenyewe tulimwita, hakuitika."

Tunaumia, Baba. Hatuna namna nyingine ya kulisema.

Unakumbukwa na mkeo Salome, wanao Goodness na Edson, dada yako Scolastika, wajukuu zako, mtani wako Cornel, na wote waliojifunza kuchapa mikononi mwako. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili asubuhi, parokiani kwetu.

Pumzika, Baba. Hatutakusahau, leo wala siku yoyote.