Feni Iliposhuka Sauti, Verna Alitoka Mbio

Mpendwa mshauri, naomba msaada, mimi Estil Muncy nina miaka themanini na moja, nimewazika kaka zangu wote na migodi miwili imefungwa mimi nikiwepo, hata vumbi la makaa ya mawe lililowamaliza wenzangu limenishindwa, na bonde zima hili hakuna aliyeijua feni ya mgodi kama mimi, nimeitunza tangu ujana, sauti yake inafika kila nyumba na ikinyamaza wanawake hutoka mbio hadi getini maana wanajua chini hakuna hewa na gesi inajaa. Sasa binti yangu Twila kasomea uhandisi, wakamwajiri mgodini, akaona feni inakula umeme kuliko mashine zote, akaweka kifaa cha kuipunguza mwendo kila Jumamosi watu wakiwa hawachimbi. Alikuja Jumapili kutueleza kabla hakijaanza kazi, nikamwambia, "We Twila, kwenye meza hii tunakula maharage, hatuli uhandisi," akacheka kidogo, akajaribu tena, nikagonga meza akanyamaza, maana nani wa kunifundisha mimi feni? Jumamosi iliyofuata nilikuwa mlimani nakata kuni, feni ikashuka sauti, mke wangu Verna, ambaye baba yake alifia chini, akadhani imezimika, akatoka na ndara kwenye theluji na moyo wake ule mbovu, akaanguka kabla ya geti, nikamkuta amefunikwa koti la mlinzi. Tangu hapo simsemeshi Twila, nilimwambia kanisani mbele ya wote, "Umemuua mama yako ili ubane umeme," naye huniletea chakula anakiacha barazani, simfungulii. Siku ya kupamba makaburi inakaribia, ametuma mtu kuomba aweke maua, nimekataa, ila usingizi sipati. Je, nimekosea? Kama unadhani naongopa muulize mchungaji Stiltner, au Hobart Lively mlinzi wa geti, koti lilikuwa lake.

JIBU

Mzee Estil, pole sana kwa msiba. Pole hiyo ni ya kweli, kwa hiyo usininunie kwa yanayofuata. Binti yako alikuja kuwaambia. Verna alikuwa pale pale mezani, na aliyegonga meza ni wewe. Sisemi ulimuua. Moyo wake ulikuwa mgonjwa na hofu ile aliishi nayo tangu alipofiwa na baba yake. Twila naye hakumuua. Angeweza kurudi katikati ya wiki akamweleza mama peke yake, ndiyo, na nadhani hilo linamtafuna kila anapoacha sahani barazani. Amefiwa na mama, nawe ukamnyima baba.

Maua aweke. Kaburi la mama yake haliombewi ruhusa kwako. Akija na chakula mfungulie, mkalishe, mwambie aeleze ile habari ya feni tangu mwanzo, nawe funga mdomo mpaka amalize, hata ukilia. Kisha mzunguke wote wawili nyumba kwa nyumba, kwa kila mwanamke mwenye mtu mgodini, mumweleze kwamba Jumamosi sauti itashuka na hewa bado inapita. Twila akisema peke yake watasitasita. Ukisema wewe watabaki ndani. Fanya hivyo kabla ya Jumamosi hii.