Kidole cha Tausi

Shangazi yangu Mwanahawa,

Kaa vizuri, maana habari ni nyingi na nyingi kati yake ni za kucheka. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike hapa Temeke, na mimi Mwamvua, mtoto wa kaka yako, yule uliyekuwa ukisema nina haraka hata ya kupiga chafya, nimekuwa mwalimu wa watoto vipofu. Ndiyo, mimi. Cheka kwanza, nitakungoja.

Ilikuwa hivi. Mwalimu mkuu wa shule yetu ya wasichana alitusomea tangazo: serikali inataka walimu watatu wakajifunze kufundisha watoto wasioona, kwa miezi sita. Wenzangu wote wakatazama vidole vyao vya miguu kana kwamba vimeota jana. Mimi nikanyoosha mkono. Wala sikunyoosha kwa wema, Shangazi, nilinyoosha kwa majivuno. Umenilea wewe tangu nina miaka saba. Nimekuona, nawe huoni, ukisuka ukili, ukichagua mchele, ukimjua mgeni kwa mwendo wake kabla hajapiga hodi. Nikajiambia, hao watanifundisha nini nisichokijua? Niliona ninakwenda kuchukua cheti changu tu.

Mwalimu wetu aliitwa Maganga, naye ni kipofu, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, na suruali zake zimepigwa pasi kuliko za karani yeyote mjini. Aliponisikia nikizungumza aliniuliza ni mtu wa wapi. Nikasema mimi Mzaramo. Akapiga kofi mezani kwa furaha, akasema amepata mtani, sasa kazi itakuwa tamu. Tangu hapo sikupumua. Siku ya kwanza alitufunga vitambaa machoni, akatuambia tupike chai. Nilitia chumvi badala ya sukari, nikamimina maji nje ya birika, kisha nikakaa juu ya sahani ya vitumbua. Mwalimu aliinywa chai yangu mpaka tone la mwisho, akasema kwao chai kama ile hupewa ng'ombe mgonjwa, na hupona.

Yakaja maandishi. Vipofu husoma kwa vidole, Shangazi, nukta zilizovimba kwenye karatasi nene. Kuziandika, unabana karatasi kwenye kibao cha chuma, unadunga kwa kisindano kutoka kulia kwenda kushoto, halafu unaigeuza karatasi na kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Wenzangu wawili, vijana wa bara, walitokwa jasho. Mimi nikacheka moyoni. Kulia kwenda kushoto si ndivyo tulivyoandika Kiarabu chuoni kwa Maalim tangu wadogo? Nikamaliza ukurasa kabla ya wote. Nikaugeuza, nikaanza kuusoma, na kwa mazoea yaleyale ya chuoni nikaanzia kulia. Sikuelewa hata neno. Nilikilaumu kibao, nikailaumu karatasi, nikamlaumu aliyeitengeneza sindano. Mwalimu Maganga aliniacha nihangaike mpaka yeye mwenyewe akachoka kucheka.

Lakini kulikuwa na sharti. Kila mmoja wetu atafute mtoto mmoja asiyeona, amfundishe, na mwisho wa mafunzo mtoto huyo asome mbele ya mkaguzi karatasi ambayo hajaigusa kamwe. Akishindwa, mwalimu anarudi kwenye darasa lake la zamani na mtoto anarudi kwao. Hilo la mtoto kurudi kwao ndilo lililoninyima raha.

Nilisikia habari za Tausi, binti wa Mzee Kondo, yule fundi wa kusuka vitanda kule Mtoni. Miaka tisa, na hakuwahi kuvuka mlango wa ua. Nilikwenda mara tatu. Mzee alinipa kahawa mara tatu, na jibu lake lilikuwa lilelile, kwamba mtoto huyu ni amana ya Mungu na hawezi kumtoa nje watu wakamcheke. Mara ya tatu nilirudi machozi yananilenga, nikamwambia Mwalimu Maganga nimeshindwa. Aliniuliza jambo moja tu, Mzee Kondo ni kabila gani. Nikamwambia ni Mzaramo mwenzangu. Akachukua fimbo yake.

Utani wetu unaujua. Mnyamwezi anaweza kuja msibani kwetu akalala palipolazwa maiti, akadai sanda ni yake, na hakuna wa kukasirika. Mwalimu aliingia kwa Mzee Kondo bila kubisha, akasikiliza jogoo anakolia, akapapasa kamba aliyofungiwa kwenye nguzo ya banda, akaifungua na kumtia jogoo kwapani. Mzee alisimama na kazi yake mkononi, mdomo wazi.

"Mtani," Mwalimu akamwambia, "weye umemfungia mtoto, mie nakwenda kumfungia jogoo. Siku mtoto akija darasani, jogoo atarudi nyumbani."

Mzee Kondo alicheka kwa sababu mila haikumpa la kufanya lingine, kisha nikaona anacheka kweli. Kwa siku tatu yule jogoo aliwika katikati ya masomo yetu. Siku ya nne Mzee akaja amemshika Tausi mkono, akasema amemfuata jogoo wake tu. Alikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri akimsikiliza binti yake akiuliza maswali. Jogoo akarudi Mtoni, na Tausi akawa anakuja kila asubuhi.

Sasa nikuambie nilivyoharibu. Nilimpenda mno yule mtoto. Kila alipoanza mstari, nilikuwa naweka mkono wangu juu ya wake na kukisukuma kidole chake taratibu. Akikwama nanong'ona. Alisoma kurasa nzima, nami nikatembea darasani kifua mbele. Wiki mbili kabla ya mkaguzi kuja, Mwalimu Maganga aliniambia nikae kwenye kona ya mbali, nisiseme kitu. Akampa Tausi ukurasa alioujua. Tausi hakusoma hata neno moja. Alikuwa amezoea kunisoma mimi.

Niliona aibu, Shangazi, mpaka masikio yakawaka. Na nani alipaswa kujua kama si mimi? Mara ngapi ulinipiga kikofi mkononi nilipokuchagulia miyaa? Ulisema, "Nimepofuka macho, mikono ninayo." Nimekula chumvi yako miaka yote hiyo na somo hilo halikuniingia.

Zile wiki mbili zilikuwa chungu. Nilikaa juu ya mikono yangu, kweli kabisa, niliikalia. Tausi alilia, akaniambia simpendi tena, akakataa hata uji. Nami nilikuwa nakwenda nyuma ya jengo kulia zamu yangu. Siku ya tisa alisoma neno moja peke yake, na neno lenyewe lilikuwa "kuku". Mwalimu Maganga alisema damu ya mzee wake haijapotea.

Mkaguzi alikuwa mama wa Kizungu, mpole, ila alimpa kila mtu shikamoo, hata watoto, na watoto walikuwa wakiitikia marahaba kwa raha zao. Alitoa barua iliyoandikwa na msichana wa shule ya vipofu huko bara, akaiweka mbele ya Tausi. Mimi niliwekwa kwenye benchi, kando ya Mzee Kondo, nyuma tu ya bega la Tausi, na macho yangu yaliziona nukta. Tausi akaanza. Jina langu ni Elina. Nina mbuzi mmoja mkorofi. Watu wakacheka. Nami nikawa nimekwisha kuuona mstari unaofuata, nikatamani kukohoa, nikatamani jogoo awike, chochote kitokee asiufikie. Kidole chake kikaufikia, kikasimama, kikarudi nyuma, kikapita tena.

"Mama yangu alifariki wakati wa mavuno," akasoma, kwa sauti yake ileile. Akaendelea mpaka mwisho, kisha akainua uso. "Mwalimu, nipe karatasi. Nataka nimwandikie pole."

Mzee Kondo alijifuta uso kwa kofia yake. Nilifaulu, Shangazi. Cheti ninacho. Nilirudi nyumbani nikaimba jikoni, kisha nikaketi chini kwa kishindo, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo sijawahi kulitamka.

Ile barua ya Hamisi. Mwanao alipokwenda Mombasa kufanya kazi bandarini, iliyofika ilikuwa barua moja tu, nami ndiye niliyekusomea, nina miaka kumi na miwili. Mstari wa pili ulisema, "Mama, usiningoje, nimeoa huku na sitarudi kukaa." Nilikutazama uso. Ulikuwa unatabasamu tayari. Nikaikunja palepale bila kusoma yaliyobaki, nikakuambia anakusalimu na atakuja Idi. Ukapika pilau ya watu kumi Idi ile, na Idi iliyofuata. Mimi nikala. Nilidhani ninakuhurumia. Mtoto wa miaka tisa amesoma msiba wa mwenzake na hakuvunjika, na wewe uliyewazika wazee wako kwa mikono yako nilikuona huwezi kuubeba mstari mmoja. Nisamehe, Shangazi. Nisamehe sana.

Tulipokuzika niliikuta ile barua kashani, nikairudisha bila kuifungua, kwa aibu. Juzi niliitoa, nikaisoma mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Sasa nakusomea kuanzia mstari ule, neno kwa neno:

"Mama, usiningoje, nimeoa huku na sitarudi kukaa. Lakini Mungu ametupa mtoto wa kike, nami nimempa jina lako. Anashikashika kila kitu kama wewe. Akipata nguvu za safari nitamleta umpapase uso."

Kumbe nilipokuficha msiba nilikuficha na mjukuu. Hesabu zangu zinasema sasa huyo Mwanahawa ana miaka kumi na miwili.

Pumzika, Shangazi yangu, Mungu akunawirishie kaburi lako. Shule zikifungwa napanda basi kwenda Mombasa. Nikimpata nitamwambia nilichofanya, chote, kisha nitamwomba akae karibu nami, nifumbe macho, niupapase uso wake kwa ajili yako.

Wako,
Mwamvua