Karata Kumi za Nyambura

Jumatatu, 3 Machi
Kukata karatasi tu tangu asubuhi. Kazi ni ya wale watu wa michezo wa Ruiru. Wanachapisha karata zao hapa kwetu viwandani Thika. Si za kamari, ni za hadithi. Mmoja anasimulia, wengine wanajifanya askari, mganga, mwizi wa mbuzi. Watu wazima. Siwaelewi.
Mgongo unauma. Nimekula githeri ya jana.

Jumanne, 4 Machi
Wameleta kijitabu cha kuweka kwa boksi ya karata. Historia ya kampuni. Nilisoma nikingoja wino ukauke.
Walianza vijana wanne, nyumba ya mama ya mmoja wao, mtaa wa Membley. Walikuwa wanatunga hadithi, ikawashinda. Dada wa kazi alikuwa anapanguza meza, akawaambia vile iende. Kesho yake akaja na karata kumi amechora kwa katoni ya sabuni. Mchezo ulianzia hapo. Karata zikapotea mwezi huo huo, lakini akawasimulia kila Jumamosi miaka tatu, kwa mdomo tu.
Jina Nyambura. Picha iko.
Ni mke wangu.
Kila Jumamosi aliniambia anaenda kupiga pasi huko.
Nimekata rundo nzima upande. Mutua, supavaisa, akaniuliza, "Mzee, unakata karatasi ama miwa?" Wakacheka. Nikavuta rundo lingine. 
Nilizika mwanamke sikumjua.

Jumatano, 5 Machi
Sijalala. Kijitabu kinasema hakuna anajua karata zilienda wapi.
Mimi najua. Nilizichoma.
Nilizipata kwa mkoba wake, nyumbani Theta. Baba yangu alimalizwa na karata. Ng'ombe zikaenda, shamba ikaenda. Niliapa karata haitaingia kwangu. Nikaona picha nikasema kamari. Sikuuliza. Niliweka moja moja kwa jiko nikiziangalia zikijikunja. Nyambura alikuwa kwa mlango. Akasema, "Umemaliza?" Halafu akaweka sufuria ya chai kwa huo moto.
Hakuongea hiyo maneno tena. Nikafikiria nimeshinda.
Chai nilikunywa.

Ijumaa, 7 Machi
Mwenye kampuni amekuja kuangalia kazi. Keziah, yule wa ile nyumba ya Membley. Alitaka zile karata kumi zichorwe upya zikae kwa boksi. Hakuna anazikumbuka. Yeye anakumbuka mbili. Alimwambia Mutua angoje mpaka Jumatatu, zikikosa, boksi zifungwe bila hizo.
Nilikuwa hapo karibu. Nikainama nikafagia vipande.
Nikisema, naweza kufutwa kazi. Nikinyamaza, nimezichoma mara ya pili.
Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeenda duka lao Ruiru na shati ya kanisa. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Mimi ni bwana ya Nyambura. Mimi ndiye nilichoma.
 Keziah akasema, "Anti Nyambura alituambia zilinyeshewa."
Hata kwao alificha kosa langu. Hiyo ndiyo imenipiga kuliko yote.
Akaniuliza, "Baba, uliziangalia?" Nikasema ndiyo, zikiungua. Akaleta penseli achore.
Mwanamke amebeba kuni, nyoka ndani. Fisi na viatu. Mto uko na mlango. Mzee wa jino moja. Nilikuwa nasema tu, zinatoka. Sikujua ziko ndani yangu. Pua ya mzee alikosea mara tatu. Nikamwambia, "Bapa zaidi. Kama imekaliwa." Akacheka machozi yakitoka.
Tukafika tisa. Zile mbili zake ziko ndani.
Ya kumi niliitupa kwa moto picha ikiangalia chini. Akaniuliza na akaniuliza. Sikuigeuza.
Kuhusu kazi yangu hajasema kitu.

Jumapili, 9 Machi
Kanisa sijaenda. Nimekaa.

Jumatatu, 17 Machi
Bado niko kazini. Mutua hajaambiwa, ama ameambiwa na amenyamaza.
Karatasi za Nyambura zimefika. Karata tisa ziko na picha. Ya kumi nyeupe. Keziah ameamua iwekwe hivyo, kwa kila boksi.
Mutua alifikiri ni makosa ya wino, akataka kurudisha. Nikamwambia iko sawa.
Nimezikata pole pole. Zimetoka sawa pande zote.