Neno la Mlangoni

Ufini, 20 Desemba

Mama mpendwa,

Ugonile? Mguu wako unaendeleaje, na hiyo kakao imekauka, au mvua bado inawakimbiza na majamvi? Sisi tumefika salama leo mchana, ingawa mchana huku ni neno tu. Jua halichomozi kabisa mwezi huu. Saa sita kunakuwa na mwanga wa samawati kwa muda mfupi, kisha giza linarudi. Mbele ya nyumba kuna ziwa, ila limeganda, na watu wanapita juu yake na magari. Nimelitazama nikakumbuka ziwa letu kule Matema, kisha nikaacha kulitazama.

Nakuandikia nikiwa jikoni peke yangu. Hii ni siku ya kwanza ya likizo yetu na tayari nimeiharibu.

Unakumbuka kwamba baba yake Mikko hakuja harusini kwa sababu ya mapafu. Daktari alimkataza kupanda ndege. Likizo hii yote ni kwa ajili yake. Mikko anasema huenda ikawa Krismasi ya mwisho ya mzee. Basi tumeshuka kwenye gari, na mzee amesimama mlangoni, amenyoosha mkono. Alikuwa amevaa suti, mama, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Najua kwa sababu niliona miguu ya suruali na viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Zaidi ya hapo na mkono ule sikuona, kwa kuwa nilivuta skafu usoni, nikampa mgongo, nikapiga magoti pembeni ya ukuta kama bibi alivyokuwa akifanya baba mkwe wake akipita njiani.

Sikukusudia. Bibi aliita jambo hilo kutila, kutomtazama mkwe wala kutamka jina lake, nami nilikuwa nikimcheka. Jina la mkwe wake lilifanana na neno la mvua, kwa hiyo yeye, Kyela nzima ikilowa, alisema "yale ya juu yanakuja." Nilimcheka mpaka nilipokwenda chuo. Sasa nina shahada, nawafundisha watoto wa Mbeya jinsi jicho linavyopokea mwanga, na jicho langu limekataa. Hata picha za mzee ambazo Mikko alinionyesha nilizipitia upesi. Nilidhani nina haraka tu. Na jina lake najaribu kuliandika hapa, mkono unasimama.

Wamekula mezani, mimi nimekula hapa jikoni. Mikko alikwenda kumweleza, akarudi uso umemshuka. Nikamuuliza mzee amesemaje. Akasema, "Nimemwambia ni heshima. Ameniuliza, heshima inageuza mgongo?"

Anadhani namdharau, mama. Nifanye nini?

Mwanao,
Kisa


Ikolo, 21 Desemba

Mwanangu Kisa,

Ugonile. Asajile wa jirani atapiga picha karatasi hii akutumie kwa simu yake, maana yangu herufi zake ni za sisimizi. Mguu haujambo. Kakao nusu imeota ukungu, hiyo nusu nyingine ni yetu.

Nimesoma barua yako mara mbili, nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Tumekusomesha mpaka ukapata mume wa ng'ambo ya dunia, ukaenda kumpa baba yake mgongo. Ni bibi yako huyo. Ulipokuwa mdogo nilimwambia mtoto alale kwangu, yeye akasema kwangu kuna mbu, ukalala kwake.

Sasa sikiliza. Wengine sijui wanafanyaje, na kanisani siku hizi wakwe wanashikana mikono na kukaa benchi moja. Lakini katika ukoo wetu mlango wa jambo hili upo, na anayeufungua ni mzee mwenyewe. Mimi na babu yako tuliishi hivyo tangu niolewe mpaka nikawa na wewe mgongoni. Siku moja akaja mlangoni kwangu, nikasikia ameweka kitu chini. Ulikuwa mkungu wa ndizi. Akasema, "Nitazame. Nimezeeka. Utakuja kumzika mtu usiyemjua." Nikatoka nikamtazama. Alikuwa na kidevu kama cha baba yako, nami sikujua miaka yote ile. Tangu hapo tulikula pamoja.

Kwa hiyo usimwendee wewe, itakuwa umevunja, na ninakujua, utaumia moyoni mwaka mzima. Mume wako amwambie baba yake alete kitu chochote, hata dagaa wa usipa wa kopo, aweke mlangoni pako, aseme neno hilo moja. Nitazame. Basi. Ila mume wako alifundishe vizuri, maana ni yuleyule aliyesimama harusini akawaambia wageni "karibuni, tuwale."

Wewe kaa ungoje. Utamsikia.

Mama yako


Ufini, 22 Desemba

Mama,

Ndaga fijo, asante sana. Nimemsomea Mikko barua yako. Alicheka kwa lile neno lake la harusini, kisha akaenda chumbani kwa baba yake na wakakaa muda mrefu. Sikutaka kujua wamepanga nini. Nimesikia mzee anakohoa na kucheka pamoja. Ni mara ya kwanza nasikia kicheko chake. Kinafanana na cha Mikko.

Viatu vyake viko kando ya jiko vikikauka. Asubuhi, alipokuwa bado amelala, nilivisogeza mbali kidogo na moto visije vikapasuka.

Nangoja.

Mwanao,
Kisa


Ikolo, 28 Desemba

Mwanangu,

Umekula Krismasi salama? Huku tumeshukuru, wali ulikuwepo na baba yako alichinja yule jogoo mkorofi. Kila jioni namuuliza Asajile kama kuna kitu kimeingia, anasema hakuna. Mchungaji naye ameniuliza habari zako, nikamwambia uko kwa wakwe zako unapumzika.

Alileta nini? Niambie hata kwa maneno mawili.

Mama yako


Ufini, 2 Januari

Mama mpendwa,

Nisamehe kimya changu. Natumaini mguu haujambo, na baba pia.

Alileta samaki. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi aliingia ziwani na keekee ya kutoboa barafu, kwa kuwa Mikko alimwambia kwetu ni watu wa ziwa. Mikko alimkataza, akajibu kwamba mapafu ni yake. Nilikuwa dirishani nikaona mtu mmoja mdogo katikati ya weupe wote ule, amekaa juu ya ndoo. Nikageuza uso, hata kwa umbali ule.

Mchana, kukiwa kumeshakuwa giza, nilikuwa kitandani. Mikko alikuwa nje akikata kuni. Nikasikia hatua, nikasikia kitu kimewekwa chini mlangoni pangu, na pumzi ya mtu inayovutwa kama msumeno. Nikasimama. Kisha akasema, polepole, kama mtoto anayesoma ubaoni:

"Nisamehe."

Mama, nilikuwa nimeshajiandaa kwa neno letu, na hili halikuwa lenyewe. Akarudia. "Nisamehe." Mzee wa watu, mgonjwa, ananiomba radhi mimi niliyempa mgongo. Nikarudi nikakaa kwa aibu. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Hakuna kosa, baba," na yeye hajui Kiswahili. Akasema mara ya tatu. Akangoja. Nilimsikia akingoja. Kisha akaondoka akiwa anaegemea ukuta.

Mikko aliporudi alimkuta samaki mlangoni, juu ya gazeti, amekakamaa. Akaniuliza kwa nini sikufungua. "Alilisema neno," akasema. "Amelikariri siku mbili. Nisamehe. Si ndilo?"

Nilikimbia mpaka mlango wa mzee. Mikko akanizuia, mzee alikuwa amelala na kukohoa kumetulia. Akasema tumwache apumzike, kesho ni Krismasi, kesho atalisema vizuri. Nami nikakubali. Jioni hakuweza tena kuvuta hewa. Gari la wagonjwa lilimchukua yeye na Mikko, na kabla hakujapambazuka, kama kupambazuka kupo huku, Mikko akanipigia.

Simlaumu Mikko. Hakuna aliyemkosea mwenzake ila kwa kujitahidi, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Juzi walituruhusu kumwona hospitalini kabla ya maziko. Nilivua skafu. Nilimtazama muda mrefu mpaka muuguzi akatoka akatuacha. Ana kovu dogo kidevuni. Masikio ni ya Mikko. Wamemvalisha ile suti. Macho yalikuwa yamefumbwa, mama, kwa hiyo rangi yake siijui. Nimemuuliza Mikko, akaniambia, na sikuweza kuishika, kwa kuwa ni ya kuambiwa.

Samaki bado yuko nje kwenye theluji. Hakuna anayeweza kumpika wala kumtupa.

Babu alikwambia utakuja kumzika mtu usiyemjua. Wiki ijayo nitamzika. Kwa hiyo naandika hapa, ili walau uwe umelisikia kwangu: jina lake lilikuwa Olavi.

Mwanao, mkwe wa Olavi,
Kisa