Mfunga Mkia Aliyetangulia

*Barua iliyofika redioni kwa simu jana usiku*

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha nyumba ya wageni, miguu yote miwili imo ndani ya beseni la maji ya chumvi, na kuanzia kiunoni kwenda chini sijui tena kilicho changu na kilicho cha baiskeli. Mimi ni kinyozi, nina miaka hamsini na mmoja, na wahenga walisema kinyozi hajinyoi, basi nakuletea kichwa changu wewe, ukinyoe utakavyo.

Leo ilikuwa siku ya kwanza ya msafara wetu wa baiskeli, watu kumi na wanne, siku tisa, na sikuja kwa kupenda, nimekuja kwa sababu shangazi yake mke wangu, mkunga mstaafu mwenye miaka sitini na minne, alijiandikisha bila kumuuliza mtu, na mke wangu akanishika mkono mlangoni akaniambia, "Shangazi ndiye aliyenilea, mume wangu, ukimrudisha na hata mchubuko mmoja, ujue utalala saluni," basi mimi ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kwenye kiti hadi kwenye kioo nikanunua kaptura ya kubana nikajikuta barabarani.

Sasa msafara huu una utaratibu wake. Kila siku mtu mmoja hupewa kizibao cha njano, pampu na filimbi ya kujulisha kwamba yupo au kuita wenzake akikwama, naye huitwa mfunga mkia, kazi yake ni kuwa wa mwisho, hampiti mtu hata mtu huyo akiamua kutambaa, na walio mbele hawageuki kumtazama, maana anayegeuka huyumba na kuwayumbisha wenzake, wao wanakanyaga tu wakijua yupo. Kura ya leo ikaniangukia mimi, na aliyekuwa mbele yangu tu ni Shangazi, nikasema afadhali, nitamwona.

Kilomita hamsini za mwanzo nilimwona. Halafu kikaja kilima, mshauri, kilima kisicho na adabu, ukidhani umefika kichwani kumbe umefika gotini, na jua la saa nane liko kwenye kisogo, Shangazi akashuka akawa anasukuma taratibu, anapotelea kwenye kona hii anatokea kona ile, nami nyuma nimeshikilia baiskeli kama mlevi aliyeshikilia ukuta, mara lori letu la mizigo likarudi kutazama waliobaki, dereva akanichungulia akasema, "Kinyozi, umekuwa rangi ya majivu, pakia," na Mungu anisamehe, nilipakia. Tulipompita Shangazi nilikuwa nimelala chini ya turubai na baiskeli yangu katikati ya mabegi, nikamsikia akimwambia dereva, "Wewe nenda tu baba, mimi sina shida, mfunga mkia wangu yuko nyuma," na dereva akatia gia, na mimi nikajivutia turubai usoni, na baadaye nilipomwomba asiseme alinijibu, "Hayo ni ya kwenu, mimi nabeba mizigo tu."

Nilishuka kwenye kituo cha mafuta kabla ya mji, nikajibanza nyuma ya ukuta wa choo kwa saa nzima na dakika kumi, nikanywa soda, hata usingizi ukanipitia, mpaka nilipomwona anapita, nikatoka, nikamfuata hatua ishirini nyuma, nikapuliza filimbi kama inavyotakiwa, naye bila kugeuka akauliza, "Upo, mwanangu?" Nikajibu, "Nipo, Shangazi."

Hata hilo ningelimeza. Lakini kwenye chakula akakunja mkono wa shati, akaonyesha kiwiko kilichochubuka, akawasimulia watu wote huku anacheka kwamba kwenye mteremko kizunguzungu kilimpiga akaingia mtaroni na baiskeli yake, "nikajizoazoa haraka haraka kabla mkwe wangu hajanikuta, asije akashtuka, maana maskini kachoka," na watu wakanipigia makofi, mshauri, mimi, na kiongozi wa msafara akasema mfunga mkia kama huyu habadilishwi, nikaachiwa kizibao kwa siku zote nane zilizobaki.

Kesho kuna mteremko wa kilomita kumi na moja. Nikinyamaza, Shangazi ataushuka akiamini kitu ambacho leo hakikuwepo, na nikisema, sijui nitamtazama vipi yeye, wala mke wangu, wala hawa watu. Nimechoka, mwili umechoka na roho imechoka. Kipindi chako nilikisikia leo asubuhi, dereva alifungua milango ya lori ili sote tukusikilize tukinywa chai, na amesema atafanya hivyo kila siku. Tafadhali usinitaje jina. Nifanyeje?

Mimi, wa mwisho.

*Jibu la mshauri, hewani saa kumi na mbili na nusu asubuhi*

Baba wa beseni, pole. Kuchoka si dhambi, na kupanda lori si kosa, ndiyo maana likarudi kuwatafuta. Pole yangu inaishia hapo.

Ulikuwa na filimbi shingoni! Ungeipuliza mara moja tu, mwenzako angepokea kizibao, nawe ungepanda lori ukakaa mbele na dereva kama mtu mzima. Wewe ukaona haya kusema neno moja, nimechoka, lakini hukuona haya kujifunika turubai huku mama wa watu anakusifu kwa sauti.

Kazi yako ni unyozi. Kila siku mtu anakaa kwenye kiti chako, anainamisha kichwa, anakupa kisogo, na wembe uko mkononi mwako. Umewahi kumwacha na povu shingoni ukaenda kunywa soda? Shangazi naye alikupa kisogo. Kuanguka angeweza kuanguka hata ungekuwepo. Linaloniuma mimi ni kwamba aliinuka mbiombio na kizunguzungu chake, kwa kumhurumia mtu aliyekuwa amelala nyuma ya choo.

Sasa sikiliza. Leo hatoki mtu kwenda kwenye mteremko kabla Shangazi hajapimwa. Wakunga ni hodari wa kuuguza wengine, wao wenyewe hawaugui mpaka waanguke, kwa hiyo mpeleke zahanati wewe mwenyewe, akikataa mbembeleze. Radhi uiombe kwa kinywa chako, redio haiombei mtu radhi. Mwamkie, kaa chini mbele yake, umwambie, "Lori lilipokupita nilikuwa ndani." Usianze na kilima, wala jua, wala magoti yako. Kizibao mrudishie kiongozi. Akipimwa akaonekana mzima, na akikubali kuendelea nawe, mwombe yeye achukue filimbi akae nyuma, wewe utangulie, ujue kumpa mtu kisogo kunakuwaje. Ukichoka, sema. Na mkeo mpigie kabla hajapigiwa. Utalala saluni, ndiyo, lakini kiti cha kinyozi kinalala nyuma, hutakufa.

Umeniomba nisikutaje jina, nami sikulitaja. Ila hukuniomba nisiisome barua yako hewani, na ulijua milango ya lori itakuwa wazi na wenzako wana vikombe mkononi. Msafara wenu una vinyozi wangapi? Ndiyo maana naona barua hii hukuniandikia mimi. Ile filimbi ya jana umeipuliza leo, nami nimekusaidia pumzi.

Weka kikombe chini, baba, inua uso. Shangazi ameshageuka.