Hesabu za Kutoa za Kasiva

Mwingi, 8 Juni 2025

Baba Kasiva,

Hujambo huko? Sisi tuko salama, ni kikohozi cha mama yako tu. Mgongo umepoa?

Simu imeharibika, ndiyo maana nampa Muema wa basi barua. Kasiva anakosa hesabu zote za kutoa. 52 toa 38, anaandika 26. Mwalimu Stellah anasema asipoelewa mwezi huu atarudishwa gredi ya kwanza. Tangu Alhamisi hataki shule. Nimemfundisha mpaka nikampigia kelele. Nisaidie.

Mama Kasiva

Satellite, Nairobi, 12 Juni

Mama Kasiva,

Nashukuru mko wazima. Mgongo unauma lakini nabeba.

Nikwambie ukweli: mimi niliona 26 ni sawa. Hesabu hizo ndizo zilizonitoa shule darasa la tatu. Naogopa mtoto amerithi kichwa changu.

Nilimwonyesha hesabu hiyo Wahome wa stoo hapa mjengoni. Akacheka: "Kumbe ni wewe unanimalizia vigae!" Akanivuta ndani. Katoni moja ina vigae kumi.

"Una katoni tano na vigae viwili. Fundi anataka katoni tatu na vigae vinane. Vinane utatoa wapi?"

"Nitoe viwili kwa vinane vyake."

"Vya fundi usiguse! Fungua katoni yako, mzee."

Nikafungua. Viwili vikawa kumi na viwili. Nikatoa za fundi, ikabaki katoni moja na vigae vinne. 14.

Mfungie vijiti kumi kumi. Usimpigie kelele. Mimi nilichapwa, haikusaidia.

Baba Kasiva

Satellite, 26 Juni

Mama Kasiva,

Mko wazima kweli? Wiki mbili sijapata neno. Kama wamemrudisha, niambie tu. Sitagomba.

Baba Kasiva

Mwingi, 29 Juni

Baba Kasiva,

Pole, tulikuwa tunavuna ndengu. Kikohozi cha mama kimeisha.

Kasiva alikataa kufungua fungu la vijiti. "Nikifungua vitapotea!" Nikafungua mwenyewe, nikamwambia ahesabu vyote. Akafika hamsini na mbili, akashangaa: "Kumbe viko tu!" Kesho yake alitangulia kwenda shule kabla sijamwita.

Ijumaa wamefanya mtihani. Amepata nane kwa kumi. Harudishwi. Mwalimu anasema kichwa chake hakina shida. Alikuwa hajaonyeshwa vizuri.

Mama Kasiva

Satellite, 2 Julai

Mama Kasiva,

Salamu kwa wote, na Kasiva umsalimie mara mbili.

Barua yako imenikuta saa ya chakula. Nimesoma, nikajilaza kwa mifuko ya simiti, nikalala kabisa. Wahome akaja kuniamsha, fundi anaita.

Nikamwambia, "Mwambie angoje. Mtoto amepita."

Baba Kasiva