Yassine Hakuharibu Mashine ya Kanda

KITUO KIDOGO CHA POLISI, KASONGO
Maelezo ya shahidi, Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2023

Jina: Amisa binti Amuri.
Umri: Umepita sabini. Aliyeujua sawasawa ni mama yangu, naye tulimzika Nyangwe.
Kazi: Mkulima wa mpunga. Husimulia hadithi redioni.
Makazi: Nyuma ya soko, Kasongo.

Mimi shule sikuingia. Ninasema, afisa anaandika.

Mnamo Jumanne tarehe 10 Oktoba, kama saa nne asubuhi, nilifika redioni. Nilimkuta Yassine, fundi wa mitambo, amekaa chini mbele ya mashine ya kanda. Kanda hizo ndizo zinazotunza sauti za wazee wetu, pamoja na ya Waridi, muke mwenzangu, aliyefariki mwaka jana. Nilikwenda kumsikia.

Mashine ilianza kugoma tulipoletewa sanduku jipya la kuhifadhia sauti. Lilifungwa kwenye waya uleule wa mashine, kimoja nyuma ya kingine. Tangu hapo kanda inazunguka, inasimama, inarudi nyuma, na kompyuta inatoa maandishi mekundu.

Yassine alitia kanda nyingine. Ikagoma. Akatia kanda ya kusafishia. Ikagoma. Nikamwambia, "Weye, mjukuu wangu utamuoa Jumamosi hii ao utaioa mashini?" Akacheka.

Ndiyo, anamuoa mjukuu wangu Aicha. Andika hiyo pia. Kama angeharibu sauti ya Waridi, wa kwanza kumpiga ningekuwa mimi.

Ndipo akalitoa lile sanduku jipya. Waya zilikuwa chini, kanda zimetawanyika. Mkubwa wa redio, Blaise, akaingia, akashika kichwa: "Yassine! Umeua sauti za wazee!" Hakungoja jibu. Aliita polisi, nao wakamchukua Yassine pamoja na mashine na kanda yake, sanduku na kompyuta. Tangu siku hiyo yuko kasho, amefungiwa hapa kituoni. Chakula ninamletea mimi.

Leo asubuhi nilimwambia Afisa Gédéon, "Mutoto wangu, mashini iko hapa, fundi iko hapa, umeme iko hapa. Unangoja nini?"

Yassine alitolewa, na Blaise akaitwa. Yassine alifunga mashine ya kanda peke yake, na mwisho wa waya akatia kizibo kidogo kinachoufunga. Kanda ikazunguka bila kusimama. Akaongeza sanduku, kizibo akakihamishia nyuma yake. Ikagoma. Blaise hakuamini, akalitoa sanduku kwa mkono wake mwenyewe, na kizibo kikarudishwa. Ikasoma.

Yassine akasema, "Mkubwa, zote ni nzima. Moja ya zamani, moja ya kisasa, hazielewani kwenye waya mumoja. Kila moja ipate wake."

Hiyo haikunishangaza. Mimi na Waridi tulipikia jiko moja, na kila siku chungu cha mmoja wetu kiliungua. Marehemu mume wetu Nourdine alipotujengea majiko mawili, tukaanza kupendana.

Kisha sauti ikatoka. Alikuwa Waridi. Alisema, "Amisa leo amenuna. Amepika majani ya sombe bila chumvi, halafu anangoja tumusifu." Polisi wote walicheka, na Blaise pia. Nikasema, "Muongo huyo," nikajifunika kitambaa usoni. Afisa aliniuliza kama ninalia. Nilimwambia aandike mambo ya mashine.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na hakuna aliyenituma kuyasema. Ninaomba Yassine atoke leo, harusi isingoje. La mwisho: chumvi niliweka.

Alama ya kidole gumba: Amisa binti Amuri

Dokezo la afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akayakubali, ila alinitaka nisome mara mbili pale penye chumvi. Mlalamikaji Blaise ameondoa shtaka na kumwomba Yassine radhi. Yassine ameachiliwa saa nane mchana. Shahidi ameondoka naye amemshika mkono. Kompyuta imerudishwa redioni; mashine na sanduku vimerudishwa kwa pikipiki mbili tofauti, kwa amri ya shahidi.

Gédéon, afisa wa polisi